Reli za Mtoto wa Chini

Jumapili, 1 Machi 2026

Tokea Mkoani mpaka Wingwi hakuna mkono wa kazi ya mbao kama huu ninaoandikia. Nalisema mapema ili lijulikane. Msumari nikiuangalia tu, unaingia wenyewe. Juzi nilipita chini ya mfenesi wa watu, mfenesi ukanong'ona: kabati au kitanda? Nikauambia usubiri, nina kazi nyingi.

Miaka kumi na tisa. Skuli niliiacha Form Two — au skuli iliniacha mie, inategemea nani anahadithia. Daftari hili lenyewe ni la hesabu za wakati ule. Kurasa za mbele zina wino mwekundu wa mwalimu, nimezibana kwa pini zisinisumbue. Kurasa za nyuma safi. Kama mie.

Leo baada ya alasiri Fundi Shaame kaniita. Huyu ndiye mwenye karakana, miaka mitatu sasa napiga msasa kwake. Kasema Bi Mwanabaraka wa Madungu anataka kabati la jikoni, droo tatu kubwa, na liwe tayari kabla ya Idi. Yeye Fundi ana milango ya watu kule Wingwi, hawezi kuwa pande mbili. Kwa hiyo kabati ni langu. Langu! Kuanzia futi mpaka vanishi.

Halafu kasema lile neno. "Likisimama, utaandika jina chini."

Niliandike hapa nisije nikasahau lina maana gani. Karakana yetu, kila droo inaandikwa jina la aliyeitengeneza. Kwa penseli, chini kabisa, kwenye ubao wa kitako. Mwenye nyumba haoni. Mende tu ndio wanaosoma. Lakini Fundi Shaame huweza kuingia nyumba ya mtu baada ya miaka thelathini, akalala chali, akasema hii kaifanya baba. Mie miaka mitatu nimesugua mbao za Pemba nzima, na jina langu, Jaribu, haliko chini ya kitu chochote.

Safari hii mende watanijua.

Jumatatu, 2 Machi

Nimekwenda Madungu kupima. Kosa la kwanza: kwenda jikoni kwa Bi Mwanabaraka saa kumi ya Ramadhani. Futi inapima ubao, pua inapima mdalasini.

Bi Mwanabaraka alikuwa mpishi wa harusi, masufuria yake mengine unaweza kuoga ndani. Mwaka jana akaanguka, nyonga ikaenda. Sasa anatembea na mkongojo, hainami, hanyanyui. Kila kitu anakifanya kakaa kitini katikati ya jiko, anaamrisha. Anayeamrishwa ni mjukuu wake Khairat, anasoma chuo, ana jicho la kuhesabu makosa ya watu. Kaniangalia na futi yangu, kauliza kama Fundi yuko njiani. Nikamwambia Fundi keshafika, ndiye huyu. Kasema aaa.

Bi haziiti droo. Anaziita watoto. Watoto wa kabati, kama wazee wanavyosema mtoto wa meza. "Nimezaa wanne, wote wameolewa wakanikimbia," kasema. "Nitengenezee watatu wasiotoka mlangoni."

Mtoto wa juu: vijiko na viungo. Wa kati: masufuria. Wa chini ndiye mwenyewe. Wa chini ni wa fitri.

Hapo akatulia, akaacha mzaha. Miaka ishirini na tatu mtaa ule wanampelekea yeye mchele wao wa fitri mwisho wa Ramadhani. Yeye anawajua wasio nacho, anawagaia kabla watu hawajaenda kusali Idi. Zamani mchele ulikaa kwenye mapipa chini, anainama, anachota. Mwaka huu watu wamemwambia apumzike, fitri watapeleka kwengine.

"Mie sitaki kupumzika, mwanangu. Nataka nikae hapa hapa kitini, nimvute mtoto, nichote, nimrudishe. Pishi thelathini. Na asiniangukie miguuni, mmoja tu ndio umebaki mzima."

Nikaandika: thelathini.

Sasa hesabu, maana mie si mtu wa kubahatisha. Pishi ni vibaba vine. Kibaba ni robo, hilo nalisikia tangu nanyonya. Robo nne ni ngapi? Kilo moja. Kwa hiyo pishi ni kilo tu iliyovaa kanga. Thelathini kwa thelathini. Sikuhitaji hata vidole.

Jumatano, 4 Machi

Duka la Nassor, Chake. Nimekaa saa mbili navuta na kusukuma reli za droo mpaka wateja wakadhani nimeajiriwa.

Kumbe reli ni watu. Zina tabia.

Za kwanza zina gurudumu la plastiki. Nyepesi kama kitana. Ukivuta, droo inatoka nusu, nusu nyengine inabaki ndani ina haya. Nikazirudisha. Bi hawezi kuinama kutafuta mchele kwenye giza.

Za pili za gololi. Mama yangu! Zinatoka zote, mpaka mwisho, unaona kila kitu. Nyembamba, zinang'ara, na zinajifunga zenyewe. Unasukuma kwa kidole, zinakwenda, zikikaribia mwisho zinapunguza mwendo kama mtu aliyechelewa sala anayeingia msikitini kwa vidole vya miguu. Hazitoi hata sauti. Boksi limeandikwa kilo 45. Kwa jozi nzima.

Za tatu zilikuwa juu kabisa ya rafu, jozi moja tu, vumbi kama zimezikwa. Pana kama kiganja. Chuma kinene, ukikigonga kwa ukucha kinajibu. Kilo 120. Lakini hazijifungi zenyewe, lazima uzisukume mpaka mwisho, na zinafunga kwa kishindo. Nassor kasema hizo alileta kwa mtu wa gereji, za kuwekea spana na injini.

Kaniuliza droo itakaa nini. Mchele. Kiasi gani? Thelathini.

"Thelathini nini?" kasema.

Nikamwambia Nassor, wewe uza reli.

Kacheka lakini kazishusha zile pana, kazifuta vumbi, kaziweka mezani mbele yangu. Kasema kwa droo kubwa ya chini yeye angechukua hizi, droo ya chini ndiyo watu wanaifanya stoo. Mie nikamuuliza Bi Mwanabaraka anatengeneza magari? Nikatoka.

Alhamisi, 5 Machi

Nimemshinda Fundi Shaame kwa hoja. Mie! Leo!

Nilimweleza zote tatu. Akashika ndevu. Akasema wa juu na wa kati waweke hizo nyembamba, wa chini weka pana. Nikasema Fundi, pana zinataka nafasi zaidi kila upande, mtoto atakuwa mwembamba, Bi atapoteza mchele. Kweli. Nikasema zinapiga kelele. Kweli. Nikasema nyembamba zinabeba arubaini na tano, mzigo ni thelathini, kumi na tano zinabaki bure, hata paka akilala humo. Kweli tupu.

Kagonga ubao kwa kidole. Fundi akigonga anasikiliza mbao. Halafu:

"Thelathini kasema nani?"

Bi mwenyewe.

"Kasema kilo?"

"Kilo, Fundi."

Kanitazama. Kasema ajabu, mtu mzima yule kusema kilo. Halafu kasema haya, kama kasema kilo, chukua nyembamba zote tatu.

Bi hakusema kilo. Lakini ni kile kile tu, si nishakivua kanga? Ningesema pishi, angeanza somo la mizani mpaka magharibi. Nimempunguzia mzee maneno na yuko kwenye swaumu. Hiyo ina thawabu.

Jumamosi, 7 Machi

Mbao zimefika. Mie hodari.

Jumatano, 11 Machi

Siku nne za msumeno. Mwili una vumbi mpaka mama kasema nikifuturu nisipige chafya, nitaharibu uji.

Hizi reli za gololi zinataka nusu inchi kila upande, si zaidi si pungufu. Ukikosea unywele, droo inakwama au inacheza kama jino bovu. Mtoto wa juu nilimkata mara moja. Wa kati mara moja. Wa chini mara mbili, kwa sababu ya mara ya kwanza. Hilo silihesabu, ubao ulikuwa na tatizo la kifamilia.

Wa chini nimemfunga kitako kinene, gundi na skurubu, nikamsimamia juu kwa miguu yote miwili akiwa sakafuni. Hakusema kitu. Mbao zangu haziogopi mtu.

Khairat kapita karakana kumletea Fundi ujumbe wa bibi yake. Kaangalia yale maboksi, kauliza kwa nini reli za mchele ni nyembamba kuliko bawaba za mlango wa choo chao. Nikamwambia nguvu iko kwenye gololi. Kasema na kwenye midomo. Akaondoka. Sijui anasomea nini huko chuo.

Jumamosi, 14 Machi

LIMESIMAMA.

Tulilibeba watu wanne mpaka Madungu. Nikaliweka, nikalisawazisha, nikafunga reli, nikaingiza watoto mmoja mmoja. Bi Mwanabaraka kakaa kitini, mkongojo kaegemeza. Nikamwambia Bi, kidole kimoja tu.

Kasema bismillahi. Kavuta wa chini. Mtoto akatoka wote, mpana, mweupe, ananukia mbao. Halafu akamsukuma kwa kidole cha shahada. Akaenda. Akapunguza mwendo. Akajifunga bila sauti.

Bi kasema tena bismillahi. Akavuta tena. Akasukuma tena. Nadhani mara kumi. Mara ya mwisho akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kasema ni vumbi la mbao. Nilikwisha kufagia.

Fundi Shaame kaja jioni kabla ya kufuturu. Kavuta, kasukuma, kapitisha kidole kwenye pembe. Kwetu droo mpya huwekewa gunia la misumari usiku kucha, asubuhi unaangalia imeshuka au haikushuka. Kaniuliza: "Umeijaribu?"

"Fundi, Jaribu si ndiye mie?"

Kacheka! Fundi Shaame! Meno yote mawili ya dhahabu. Alikuwa na haraka ya gari la Wingwi, akasema haya, lala chini uandike.

Nikalala chali. Penseli. Chini ya mtoto wa chini, herufi kubwa: JARIBU. Na tarehe. Nikabaki pale naliangalia mpaka Khairat akauliza kama nimezimia.

Jumatatu, 16 Machi

Fundi yuko Wingwi mpaka Alhamisi. Ufunguo wa karakana uko shingoni mwangu, kwenye kamba. Nimelala nao. Watu wawili leo wameniita fundi. Mmoja alikuwa anataka nimsogezee baskeli, lakini kasema fundi.

Wanawake wa Madungu wanapanga zamu kwenda kuona droo inayojifunga. Bi hawaonyeshi bure, anawaambia waje na fitri yao mapema. Wale waliokuwa wapeleke kwengine wanarudi. Bi kamtuma Khairat anambie hivyo. Khairat kaisema sentensi nzima bila kunitukana, akaonekana imemchosha.

Jumatano, 18 Machi

Sitaki kuandika leo. Naandika.

Mama katoa fitri yetu. Tuko wanne: yeye, mie, wadogo zangu wawili. Pishi nne. Kakaa chini na kibaba chake cha bati, kile cha bibi, anapima. Vibaba vine, pishi. Vibaba vine, pishi. Mie nimekaa namtazama, nna raha zangu, ufunguo shingoni. Kaufunga mchele kwenye kipolo, kile kigunia kidogo, kasema mpelekee Bi Mwanabaraka, si ndiye mteja wako.

Nikautupa begani. Nilitegemea kilo nne.

Bega likaniuliza swali.

Nikatembea kidogo. Nikabadilisha bega. La pili likauliza lile lile. Pale duka la mchele la kona kuna mizani, nikaomba kuupima. Kumi na kidogo. Nikamwambia mwenye duka mizani yake mbovu. Kaniambia nenda kwa jirani. Nikaenda. Kumi na kidogo. Hawa wawili hawasalimiani mwaka wa tatu, lakini juu ya hili wamekubaliana.

Nikarudi nyumbani na kipolo. Nikamuuliza mama, taratibu, kama natafuta kitu kingine: kibaba si robo?

"Robo," kasema.

Ya kilo?

Mama kaweka chini upawa. Kanitazama kama nimeulizia jina la baba yangu. "Robo ya pishi, Jaribu. Kibaba na kilo wamejuana lini?" Halafu kacheka mpaka wadogo zangu wakaja kuangalia. Kila Idi, kasema, kila Idi unabeba fitri ya nyumba hii, ulikuwa unadhani unabeba nini?

Idi zote nilikuwa napeleka kwa baskeli. Baskeli haina bega.

Sasa hesabu, safari hii kwa vidole na kwa kalamu. Pishi nne, kilo kumi. Pishi moja, mbili na nusu. Pishi thelathini: sabini na tano. Reli: arubaini na tano. Nimeirudia mara sita. Hata ukurasa wa mwalimu nimeufungua, nikaangalia kama kuna njia nyengine. Hakuna, kuna wino mwekundu tu.

Kipolo chetu sikukipeleka. Nimekiweka chini ya kitanda. Mama nimemwambia kuna foleni. Angalau sasa zitakuwa ishirini na sita.

Ishirini na sita ni sitini na tano.

Alhamisi, 19 Machi

Naandikia barazani kwa Bi Mwanabaraka, daftari juu ya goti. Saa tisa na nusu. Watu wanasema mwezi huenda ukaonekana leo.

Asubuhi nimekwenda kwa Nassor. Zile pana ziko pale pale, mezani, zimefutwa vumbi. Hakuzirudisha rafuni tangu siku ile. Hakucheka. Ningependa acheke. Kazifunga kwenye gazeti, kasema ukimaliza kuzitia niletee nyembamba nizione. Nimeziweka hapa pembeni yangu. Ukiziona zimelala hivi utadhani nimekuja na samaki.

Kuzitia si kazi ya dakika mbili. Mchele wote utoke. Mtoto atoke. Ubavu wake ukatwe, robo inchi kila upande, tena robo ya inchi, hii naijua. Afungwe upya. Nusu siku, nikikimbia. Na wapi utakaa mchele? Kwenye mapipa. Chini. Mbele ya mtaa mzima, na mtu ataniuliza kwa nini.

Kwa hiyo nimekaa.

Wanawake wanaingia wananipita, vipolo mikononi. Nawaamkia, wananijibu "marahaba, fundi". Kila mmoja. Ndani namsikia Khairat anahesabu na kuandika. Nilipofika alikuwa kumi na sita. Kumi na nane ndio mwisho wa reli, kwa hesabu sahihi. Kumi na tisa nilisimama. Nikakaa.

Zile gololi hazinyamazi tena. Zinatoa sauti kama mtu anatafuna mchanga ndani ya wali. Na mtoto hajifungi mwenyewe, nasikia Khairat anamsukuma kwa goti. Bi anacheka, anawaambia wenzake huyu keshashiba, watoto wakishiba huwa wazito. Kiti chake kiko pale pale, mbele ya droo. Mguu ule mzima ndio unaokaa chini ya mtoto akitoka. Naujua kwa sababu ndiko nilikompimia mie.

Ishirini na moja.

Fundi Shaame atateremka kwenye gari la Wingwi saa kumi. Atapita hapa kwanza, anapita hapa kila mara kabla ya nyumbani. Atavuta mara moja tu. Hatahitaji hata kuvuta, atasikia. Halafu atalala chali, ndio desturi yake, na pale juu ya pua yake kuna herufi kubwa.

Bi kaniona dirishani.

"Jaribu, mwanangu. Mbona uko nje kama mgeni? Ingia uwaonyeshe hawa, kidole kimoja."

Nimemwambia nakuja, Bi. Nimesema namaliza kuandika kipimo.

Reli hazina kosa. Ziliandikwa arubaini na tano na mpaka sasa zinabeba zaidi, maskini. Nassor hana kosa, aliniuliza thelathini nini. Bi hana kosa, alisema pishi. Hata kutojua pishi, sawa, ningechekwa siku moja, mama keshacheka na sikufa. Lakini Fundi aliniuliza kwa mdomo wake, kasema kilo? Na mie nilijua hakusema. Nikasema kilo, Fundi.

Ishirini na mbili. Natia reli kwapani, nainuka, kwanza nimwambie Bi aondoe mguu —